Makocha Watatu na Begi la Simu

Nimestaafu. Nikisema hivyo watu wananicheka, maana mstaafu wanayemjua wao ana mvi na miwani ya kusomea, na mimi wauza vitenge pale sokoni bado wananiita binti. Lakini kazi niliyoianza nikiwa nimetoka tu kidato cha nne, na matokeo ambayo baba aliyasoma mara moja akakunja karatasi, nimeikabidhi wiki iliyopita. Sasa naenda kushona. Nina cherehani, nina chumba chenye dirisha linalotazama barabara, na nina ndoto kwamba siku moja kila timu ya mkoa huu, kuanzia Mishamo mpaka Majimoto, itavaa jezi iliyopita mikononi mwangu. Mkinicheka kwa hilo nalo, sawa tu.

Nyie wadogo zangu mnaochukua kazi ya vifaa vya timu yetu ya Mizinga mmeniomba niwaandikie namna inavyofanyika. Nitaandika. Ila najua pia kwamba kabla hamjafua jezi ya kwanza mtaulizwa lile swali ambalo Mpanda nzima inaliuliza kila tukifungwa. Kwamba kocha wa sasa anafikia wapi kwa waliomtangulia. Wengine watawahesabia mabao, wengine watawaambia fulani alikuwa na bahati. Mimi makocha wote watatu niliwaona nikiwa nimekaa pembeni ya benchi na begi mapajani, na nitawapima kwa kile kilichokuwa ndani ya begi.

Kwanza kufua, maana huko ndiko nilikoanzia. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa anafulia timu, mgongo ukamshinda, nikaenda mimi kumshikia kwa siku chache. Siku ya kwanza nilifua nikaanika namba zikitazama jua, nikajiona nimemaliza. Kocha wa wakati huo, Mzee Kalembe, akapita, akasimama mbele ya kamba akiwa ameshika kofia yake. Akasema kwa upole, "Mwanangu, namba tisa yangu umeichoma." Akaigeuza ndani nje na kuianika tena yeye mwenyewe, kisha akageuza na nyingine zote. Udongo wetu ni mwekundu na haupendi maji ya moto. Loweka kwenye maji baridi kwanza, udongo ushuke wenyewe, ndipo uweke sabuni. Sindano ya pampu ilowanishe kabla ya kuiingiza kwenye mpira, ukiiingiza kavu unachana ndani. Neti zikunje na zining'inize juu, kwa sababu panya wa ile stoo hawana ushabiki na timu yoyote.

Mzee Kalembe alikuwa mtu wa hapahapa. Timu ilianzishwa na warina asali na baba yake alikuwa mmoja wao. Hakuwa na vyeti vya kutisha. Alifundisha kwa filimbi na kijiti, akichora mishale mchangani, na mchezaji asiyeelewa alikalishwa palepale kwenye mchoro na kuambiwa, haya, wewe ni beki wa kulia, unaona nani anakuja? Aliwalea. Akijua mchezaji hajala, alimwita nyumbani kwake kwa kisingizio cha kurekebisha mlango.

Yeye ndiye aliyeanzisha begi la simu. Siku ya mechi vijana walikuwa wanashinda na simu mkononi, mara mchumba kanuna, mara ndugu anaomba hela, mara mkeka wa kubeti umechanika, wakiingia uwanjani vichwa vimeshajaa. Akaagiza kwamba wakimaliza chakula cha mchana simu zote zikusanywe, zirudishwe filimbi ya mwisho ikilia. Mimi nikapewa begi. Ili zisichanganyike nikachukua soksi zilizobaki bila jozi, nikaandika namba juu, kila simu ikalala kwenye soksi ya mwenyewe. Ila Mzee Kalembe alitaka zisizimwe. Alisema mtu mwenye wazazi hazimi simu. Ikilia, mimi nipokee, nisikilize, nikampe yeye habari. Ndivyo nilivyojua milio yote. Nilijua nani anapigiwa na mama na nani anapigiwa na anayemdai.

Namba tisa wetu enzi hizo alikuwa Method, mtoto wa Mishamo, mwembamba, mcheshi, mwenye mbio. Mama yake alikuwa akimpigia kila siku ya mechi, na mimi nikipokea ananisalimia kwanza kwa Kirundi, anacheka, ndipo anakuja kwenye Kiswahili. Hakuwa na habari yoyote. Alitaka tu kujua mwanawe amekula.

Siku moja, timu zikiwa zinapasha misuli, soksi ya Method ikalia, na hakuwa mama. Alikuwa dada yake. Akasema mama amezidiwa ghafla, anamuulizia Method, mwambieni aje. Nikampelekea Mzee Kalembe. Alikuwa ameinama na kijiti chake. Akanyanyuka, akavua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu humo. Kisha akasema, "Dakika tisini tu, Vero. Akimaliza nampeleka mwenyewe." Akanieleza kwamba ukimwambia mtoto jambo kama lile muda ule, mpira hatauona na barabara ya Mishamo haitafupika. Ni bora acheze na moyo mwepesi, mzigo autwae baadaye. Aliamini hivyo, nilimwona usoni. Akaenda kumpiga Method begani na kumwambia, leo nakutegemea.

Kipindi cha pili soksi ililia tena. Safari hii dada hakusema kitu, nyuma yake nilisikia watu wengi wakilia kwa pamoja. Nikaikata. Nilipoinua uso, Method alikuwa amefunga. Akaja mbio mpaka mbele ya benchi letu na kucheza ule mchezo aliokuwa akiufanyia mazoezi kambini, wa mrina asali anayefungua mzinga na kukimbizwa na nyuki. Akajipiga shingoni, akajipiga mgongoni, akazunguka, uwanja mzima ukawa hoi kwa kicheko. Alichezea pale mbele yangu, na simu yake ipo mapajani kwangu.

Tulishinda. Walimbeba. Mzee Kalembe alimtoa mikononi mwa watu, akamnunulia soda, akamwambia mama anaumwa kidogo, twende. Hatukumpa nafasi hata ya kubadilisha. Mimi niliingia kwenye gari nikiwa na nguo zake kwenye mfuko. Njia nzima mzee alikaa amemshika mkono na machozi yanamtoka, na Method anamtuliza, anamwambia usiwe na wasiwasi mzee, mama yangu ni mgumu.

Tulipofika ua ulikuwa umejaa. Method akaruka kabla gari halijasimama. Pale kwao wamemwaga kokoto kuzuia tope, na yeye bado alikuwa na viatu vya njumu miguuni. Zikapiga kwenye zile kokoto, ka, ka, ka, na kila mtu akageuka kumwangalia miguu. Hakuna aliyelazimika kumwambia. Mama yake alikuwa amemuulizia mpaka alipoacha kuuliza.

Mzee Kalembe alibaki mpaka mazishi na alishika jembe kaburini pamoja na wanaume wa pale. Nawaambia hili ili msimhukumu haraka. Na Method hakumwambia neno baya hata moja, si siku ile wala baadaye. Alicheza msimu ule mpaka mwisho. Kitu kimoja tu, hakushangilia tena. Akifunga, anageuka na kurudi katikati akitembea, watu wakasema amekomaa.

Mzee Kalembe alipochoka, uongozi ukatuletea Kocha Rashidi kutoka Dar. Huyu naye nitamsema kwa haki. Alikuja na kompyuta, koni za rangi na vizibao vya mazoezi, na alizungumza haraka hivi kwamba wachezaji wa Mpimbwe walikuwa wanaitika kwanza na kuelewa wakifika nyumbani. Alipiga marufuku soda na chapati kabla ya mechi, jambo lililowaumiza watu kuliko kufungwa. Alinifundisha kukanda misuli na kufunga bandeji ya kifundo ikakaa. Alishinda kuliko yeyote kabla yake, na mtu akiwaambia Rashidi ndiye kocha bora tuliyewahi kuwa naye, msibishane naye, ana sababu zake.

Kwenye begi alikuwa na amri moja. Simu zizimwe zote. Alisema mchezaji ni kama rubani, na rubani hapigiwi simu akiwa angani. Nilipomweleza habari ya Method, maana nilimweleza, alinisikiliza mpaka mwisho na kusema tatizo la mzee lilikuwa ni kujua. Usipojua huna cha kuficha. Kwa akili yangu ya wakati ule niliona amelimaliza. Begi likawa kimya, mimi nikaanza kutazama mpira kama watu wengine.

Nikatazama mpaka siku alipokuja mjomba wa Gaudensi, kiungo wetu. Alikuja na pikipiki kutoka Sibwesa, amevaa koti la suti lililojaa vumbi. Alilipa kiingilio kama shabiki, akaja kukaa karibu nami, akauliza Gaudensi ni yupi kati ya wale. Nikamwonyesha. Akamtazama kwa muda. Akaomba maji, akanywa, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake Gaudensi amefariki asubuhi, wamepiga simu mpaka wamechoka. Akauliza mpira unaisha saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Basi nitasubiri, binti. Nisiwaharibie."

Nikaenda kwa Kocha Rashidi pale kwenye mstari. Hakugeuza kichwa. Akasema baada ya filimbi, na kuendelea kumpigia kelele beki.

Lakini mjomba alikuwa amekaa kati ya watu, na watu wakimwona mzee mwenye koti lile ameinamisha kichwa mechi nzima, watauliza. Jirani akauliza, akaambiwa. Naye akamwambia wa pili. Habari ikapanda jukwaa kidogokidogo. Kina mama wakajifunika kanga kichwani. Ngoma ya kwetu ikanyamaza, na baada ya muda ngoma ya wageni nayo ikanyamaza. Gaudensi kule uwanjani akashangaa mbona mmepoa. Akageukia jukwaa akatuinulia mikono yote miwili, tushangilie. Uwanja mzima ulijua isipokuwa yeye. Hakuna aliyeshangilia, na yeye akainua tena.

Kocha Rashidi aliondoka msimu ulipoisha, timu kubwa ilimwita. Tuliagana vizuri.

Baadaye kidogo akaja Method. Goti lilikuwa limemtoa uwanjani mapema, akaenda kusomea ukocha, akarudi kwetu akiwa bado kijana lakini amenenepa kidogo usoni. Siku yake ya kwanza hakuuliza mipira mingapi tunayo. Aliniuliza, "Dada Vero, lile begi bado lipo?" Nikalileta. Akazitazama zile soksi moja moja. Kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akachukua soksi isiyo na namba, akaitumbukiza ndani. Hakuna kocha aliyewahi kufanya hivyo. Akawaambia wachezaji kwamba simu hazizimwi, na habari ya nyumbani haisubiri filimbi. Mtu akiitwa na kwao ataambiwa muda uleule, hata kama yuko kwenye penalti, na ataondoka au atabaki kwa uamuzi wake. Wakacheka kwa ile penalti. Yeye hakucheka.

Akanivuta pembeni na kuniambia jambo lingine. "Kabla hajaambiwa, avuliwe viatu."

Hakueleza na mimi sikuuliza. Nilikuwepo pale kwenye kokoto.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Mtoto wa golikipa akipandwa na homa, Method anamwita pembeni, anapiga goti, anafungua kamba za viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe, anamvisha ndala, ndipo anasema. Mara nyingi yalikuwa mambo ya kupita. Kuna aliyekimbia kwake na ndala, akakuta mtoto anakula uji, akarudi kumalizia kipindi cha pili. Vijana wakazoea, wakawa wanataniana mazoezini. Mtu akijikwaa wanamwambia kaa chini kocha akuvue. Lakini mezani kwa uongozi halikuwa jambo la kutania. Walimwona mlaini. Mitaani wakaanza kusema, Mzee Kalembe alikuwa baba, Rashidi alikuwa askari, huyu ni nesi.

Nakuja kwenye ile mechi. Mnaijua. Tulihitaji sare tu tupande daraja, nyumbani kwetu, uwanja umejaa mpaka kwenye ukuta. Nahodha wetu ni Deus, beki wa kati, mtoto wa Majimoto. Baba yake ni mkulima wa mpunga, na Deus mwenyewe ana mwili wa mtu aliyekua akibeba magunia. Bila yeye ngome yetu ni uzio wa mabua, kila mtu anajua. Baba yake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu lakini alikuwa anaendelea vizuri, ndiyo maana Deus alikuwepo.

Timu zinapasha misuli. Soksi ya Deus ikalia. Mama yake. Hakulia, alisema taratibu kabisa. "Mwanangu, baba yake ameamka vibaya. Anamuulizia Deus."

Maneno yalikuwa yaleyale. Nikafunga zipu ya begi.

Nilipomfikia Method, mwenyekiti wetu wa klabu alikuwa amesimama naye, kwa hiyo walisikia wote wawili. Mwenyekiti ndiye aliyesema kwanza. Hakuwa mtu mbaya, mwaka mzima alikuwa amehangaika kwa ajili ya siku ile. Akasema, "Kocha, dakika tisini tu. Gari langu hili hapa, filimbi ikilia naendesha mimi mwenyewe. Mgonjwa hafi kwa dakika tisini."

Method akamtazama. "Wa kwangu alikufa," akasema.

 Mwenyekiti akamwambia kwamba tukifungwa leo asije ofisini kesho. Aliposema hivyo Method alikuwa ameshaanza kutembea.

Alimkuta Deus karibu na kibendera cha kona, anaruka ruka kupasha mwili. Hakumwita. Alipiga goti mbele yake kwenye nyasi na kushika kamba za kiatu cha kulia. Deus akaacha kuruka. Watu jukwaani waliona, wengine wakapiga mluzi wakidhani ni mzaha wa kumtia moyo. Nilikuwa nimesimama na ndala zake mkononi. Method alifungua kiatu cha kwanza, akafungua cha pili, akamvua soksi, na muda wote huo Deus alikuwa ameshika bega la kocha ili asianguke, mwanaume mkubwa vile. Akauliza, "Baba?"

"Anakuita. Yuko hai, anakuita. Unataka kwenda au kubaki, useme wewe."

Deus akatazama uwanja. Mnajua jinsi ulivyokuwa umejaa. Nadhani alitazama kwa pumzi mbili. Akasema, "Naenda, kocha. Nisamehe." Method akamwambia hakuna la kusamehe, dereva anakusubiri, na akampa ile Hiace ya timu. Gari la mwenyekiti hatukuliomba. Dereva akaambiwa afunge vioo akiingia mbugani, mbung'o wasimsumbue, na asikimbize kupita Sitalike, wanyama huvuka muda wowote.

Tulifungwa. Sitaeleza mabao, yote yaliingia pale ambapo Deus husimama. Vijana walijitahidi mpaka wengine walikuwa wanatembea kwa magoti, na filimbi ilipolia nikaona watu wazima wanalia kwenye ukuta. Kisha huzuni ikageuka hasira, kama inavyogeukaga. Tulikimbilia chumba cha kubadilishia nguo, na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba hatuna gari. Lilikuwa njiani kwenda Majimoto.

Tukafungiwa humo. Mawe yalikuwa yanagonga bati. Nje waliimba, na walichoimba tulikisikia vizuri, walitaka Kalembe arudi. Kalembe, Kalembe, tunamtaka Kalembe. Method alikuwa amekaa kwenye benchi na viwiko magotini. Wachezaji hawakumlaumu, lakini hawakumsogelea pia. Mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo kama Deus ameshafika. Nikamwambia bado hajapiga. Nilikuwa nimeshika simu ya kocha nje ya soksi yake, mkononi, naitazama, na nilianza kuomba kimyakimya asiwe amechelewa. Kama Deus angekuta watu wamejaa ua, basi siku ile ingekuwa imepotea yote, mpira na mzee, na Method asingekuwa na pa kusimama mbele ya yeyote, hata mbele yake mwenyewe.

Mlango wa nyuma ukagongwa taratibu. Askari aliyekuwa akitulinda akaufungua kidogo, akampisha mtu. Alikuwa Mzee Kalembe. Amezeeka, anatembea kwa kuegemea ukuta, kofia ileile au inayofanana nayo. Wachezaji wakasimama wote, shikamoo zikamfuata mpaka alipofika kwenye benchi. Akakaa karibu na Method. Nje walikuwa bado wanaliimba jina lake.

 Kisha mzee akasema, "Siku ile simu ya kwenu ilinifikia kabla hatujaanza."

"Najua, mzee."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Ulilia njia nzima. Ningekuuliza nini tena?"

Mzee akaigeuza kofia mikononi. Akasema, "Nilijiambia nakuonea huruma. Ilikuwa mechi, Method. Niliitaka ile mechi."

 Method aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, ule wenye kofia, akauacha pale.

Simu ikalia. Nilitaka kumpa, akaniashiria niweke sauti kubwa, wote wasikie.  Deus alikuwa anahema.

"Kocha," akasema. "Nimemkuta."

Kuna mchezaji nyuma yangu alikaa chini sakafuni. Method alifumba macho. Deus akaanza kueleza kwamba baba alikuwa na redio kitandani kwake, alisikia mtangazaji akisema nahodha hayupo kikosini, akakasirika, na Deus alipoingia tu swali la kwanza likawa wamekuweka benchi kwa nini. Nyuma ya Deus tukasikia sauti nyingine, ndogo, ya kukatikakatika, inaomba simu.

"Kocha," ile sauti ikasema. Ikapumzika. "Kijana wangu umemtoa kwa kosa gani?"

Method akainama karibu na simu. "Hana kosa, mzee. Nimemtuma kwako."

 Tulidhani imekatika. Kisha baba yake Deus akavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Amefika."

Alifariki juma lilelile, Deus akiwa amemshika kichwa. Lakini jioni ile hatukujua hilo, tulijua tu kwamba amefika.

Mzee Kalembe alisimama, akavaa kofia yake na kwenda kwenye mlango wa mbele, ule wa upande wa watu. Askari alimkataza. Mzee alisubiri tu pale mpaka askari akachoka kumkataza. Mlango ulipofunguliwa na watu wakamwona wakapiga kelele za furaha, wakidhani maombi yao yamejibiwa. Akanyoosha mkono wapoe. Sauti yake haikuwa na nguvu, ikabidi walio mbele wawanyamazishe walio nyuma.

Akasema, "Deus amemkuta baba yake."

 Alibaki amesimama mlangoni, na wao wakamtazama, mawe wengine wakiwa bado nayo mikononi. Mama mmoja aliyevaa jezi yetu akauliza kutoka katikati, mzee anaendeleaje? Akajibiwa kwamba anaongea. Yule mama akasema afadhali. Mtu mwingine akauliza ni Majimoto sehemu gani, kwa maana ana shemeji huko. Wakaanza kuondoka kwa makundi madogo, wengine bado wanatulaumu, wanambishia kila mtu kuhusu yale mabao, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita karibu na nyumba yenye mgonjwa.